Dishi Moja, Vyumba Vitatu: Waya wa Televisheni Upangwe Kabla ya Plasta

Masika iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Soweto, hapa Moshi. Mama mwenye nyumba hakuwa na maneno mengi. Alinikaribisha sebuleni, akawasha televisheni, halafu akamwita mjukuu wake aliyekuwa chumbani. "Haya, washa na wewe." Sekunde chache baadaye picha ya sebuleni ikaganda, ikakatika vipande vipande, ikapotea. Mtoto akabadilisha chaneli, picha ikarudi. Akabadilisha tena, ikapotea tena.

"Umeona, baba?" akaniuliza. "Wameniambia king'amuzi kibovu, nimenunua kingine. Wameniambia dishi limesogea, wamelisogeza. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Huyu mtoto ananizimiaje televisheni kutoka chumbani kwake?"

Jibu lilikuwa juu ya dari. Waya mmoja ulishuka kutoka kwenye dishi, ukaingia kwenye spilita ya njia mbili, na kutoka hapo njia moja ikaenda sebuleni na nyingine chumbani. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Kilichokosewa ni mpango, na kosa lenyewe lilifanyika miaka kadhaa nyuma, siku ile ukuta ulipochimbwa njia ya paipu moja tu ya televisheni katika nyumba ya vyumba vinne.

Matatizo mengi ya televisheni ninayoitiwa, Moshi na Arusha, yana mzizi huo huo. Watu huuchukulia waya wa dishi kama waya wa umeme: ukishaingia ndani, unaugawa upendavyo. Waya wa dishi haugawanyiki hivyo. Ukielewa kwa nini haugawanyiki, utajua mwenyewe uweke paipu ngapi, zianzie wapi na ziishie wapi, hata kama fundi wako hajui.

Tuanzie angani. Mawimbi ya setelaiti za televisheni zinazopokelewa kwa madishi yetu madogo yako kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Masafa makubwa kiasi hicho hayawezi kupita kwenye waya wetu wa kawaida. Yangekufa kabla ya kufika mlangoni. Ndiyo maana kuna LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Kazi yake ni kuyakuza mawimbi hayo na kuyashusha hadi megahezi 950 mpaka 2150, kiwango ambacho waya unakimudu.

Sasa piga hesabu. Kutoka 10.7 hadi 12.75 ni upana wa megahezi 2050. Setelaiti inautumia upana huo mara mbili, kwa mawimbi yaliyosimama wima na kwa mawimbi yaliyolala, kwa hiyo jumla ni megahezi 4100. Nafasi iliyopo kwenye waya, kutoka 950 hadi 2150, ni 1200 tu. Mzigo hauenei.

Kwa sababu hiyo LNB ya kawaida huukata mzigo mafungu manne: wima ya chini, wima ya juu, mlalo ya chini na mlalo ya juu. Kwa wakati mmoja fungu moja tu ndilo linaloshuka kwenye waya, na anayechagua ni king'amuzi. Kikitaka wima, kinapeleka volti 13 juu kwenye dishi kupitia waya ule ule unaoleta picha. Kikitaka mlalo, kinapeleka volti 18. Kikitaka sehemu ya juu ya masafa, kinaongeza mtetemo wa kilohezi 22 juu ya volti hizo. LNB inasikia amri na kutii.

Waliokulia kwenye vihamba vya mlimani wataelewa haraka nikitaja mfongo. Mfereji ni mmoja na maji ni yale yale, lakini yanakwenda kwa zamu. Ukifungua kuelekea kwenye migomba yako, jirani wa chini anasubiri. Wawili wakifungua kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, panazuka ugomvi. Ving'amuzi viwili kwenye waya mmoja wa dishi ni majirani wawili wanaogombea mlango wa mfongo. Mjukuu akiweka chaneli ya mlalo, king'amuzi chake kinapeleka volti 18. Cha bibi kinapeleka 13. LNB inaifuata volti kubwa, na fungu alilokuwa akitazama bibi linafungwa.

Lakini kuna nyumba ambazo spilita imefungwa na wote wanatazama kwa raha. Hilo lipo, na ndilo linalowafanya mafundi wengine wabishe. Hutokea chaneli zinazotazamwa na wenye nyumba hiyo zote zikiwa kwenye fungu moja, kwa hiyo ving'amuzi havina cha kugombania. Hiyo ni bahati, na inadumu mpaka siku kampuni itakapohamishia chaneli fulani kwenye masafa mengine, au mpaka mtu aongeze kifurushi.

Mkanganyiko huu una asili yake pia. Antena ya kawaida ya juu ya paa, ile ya miti-miti, haina ubishi wa namna hii. Inapokea masafa ya UHF, ambayo kwa televisheni ya siku hizi ni megahezi 470 hadi 694, na chaneli zote zinashuka kwa pamoja. Ukiweka spilita unapoteza nguvu tu. Ya njia mbili inakula karibu desibeli 4, yaani kila upande unapata chini ya nusu. Kama mawimbi yalikuwa na nguvu, hutaona tofauti. Mafundi wa zamani walijifunzia kwenye antena. Walipitisha waya mmoja kutoka chumba hadi chumba kama shanga kwenye uzi, na kazi ilikuwa nzuri. Kisha mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2013 zamu ikafika Arusha na Moshi. Ving'amuzi vikaingia kila nyumba, madishi yakafuata, lakini paipu zilizokuwa ukutani zilibaki zile zile, na mazoea ya kuzichora nayo yalibaki.

Kanuni basi ni hii: kila king'amuzi cha dishi kinahitaji waya wake kamili, usiokatwa, kutoka kwenye LNB hadi nyuma ya televisheni. LNB zinauzwa zenye mdomo mmoja, miwili au minne, na kila mdomo unapokea amri zake bila kujali wenzake. Ukitaka vyumba vitatu, nunua ya midomo minne, shusha nyaya tatu, na mdomo wa nne uzibe vizuri kwa ajili ya baadaye. King'amuzi kinachorekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine kina mapokezi mawili ndani yake. Kwa LNB ya kawaida, hicho kitataka nyaya mbili peke yake.

Hapa pana mtego. LNB za midomo minne ziko aina mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Moja inaitwa kwadi, nyingine kwatro. Ya kwadi ndiyo niliyoieleza, ambayo kila mdomo unatii king'amuzi chake. Ya kwatro haitii mtu. Kila mdomo unatoa fungu moja lile lile siku zote, na imetengenezwa kulisha kifaa kinachoitwa maltiswichi, ambacho kinapokea mafungu yote manne na kugawa kwa vyumba 8, 16 au zaidi. Kwa nyumba ya wageni au jengo la kupangisha, hiyo ndiyo njia sahihi. Niliwahi kukuta nyumba ya wageni kule Njiro ambayo vyumba vinne vilikuwa vimeunganishwa moja kwa moja kwenye LNB ya kwatro. Kila chumba kilipata robo ya chaneli. Mgeni wa chumba namba 2 hakuwa na chaneli ya mpira kabisa, na wa namba 3 aliipata. Mhudumu alikuwa amezoea kuwahamisha wageni siku za mechi. Tulibadilisha LNB tu, basi.

Zipo pia LNB za kisasa zinazoweza kuhudumia ving'amuzi kadhaa kwa waya mmoja kwa kumpa kila mmoja kipande chake cha masafa. Ni ufumbuzi mzuri kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ila king'amuzi chenyewe lazima kiwe kinaujua mfumo huo, na spilita yake ni maalumu, inayopitisha umeme. Usinunue kabla ya kuuliza kama king'amuzi chako kinaukubali.

Turudi kwenye ukuta, maana huko ndiko pesa inakookolewa au kupotea. Wakati mzuri wa kupanga ni baada ya kupaua na kabla ya plasta, siku zile zile fundi umeme anapochimba kuta kwa grinda na tindo. Siku hiyo paipu ya ziada ni gharama ndogo. Baada ya rangi na jipsamu, paipu hiyo hiyo ina maana ya kuvunja ukuta, kupiga plasta upya na kutafuta rangi ambayo haitafanana na ya kwanza.

Chagua sehemu moja ya nyumba iwe kitovu. Stoo inafaa, au ukuta wa korido ulio karibu na mahali nyaya zitakapoingia kutoka nje. Weka hapo boksi kubwa na soketi mbili za umeme, na pawe na hewa. Kutoka kwenye kitovu, kila chumba kipate paipu yake peke yake. Chumba kimoja kikipata tatizo, vingine visijue. Kutoka kitovuni kwenda kwenye paa iende paipu nene kuliko zote, kwa sababu nyaya za dishi, za antena na pengine za kamera za ulinzi zote zitapita hapo.

Paipu za milimita 20 ambazo mafundi umeme hutumia kwa taa ni nyembamba kwa kazi hii. Omba za 25. Waya wa RG6, yaani ule wa dishi, una unene wa karibu milimita 7, na nyaya tatu zitapita kwenye paipu ya 25 bila kuchubuka. Kwenye kona usikubali elbo zilizokatika kwa pembe kali. Paipu ikunjwe kwa mkunjo mpana, maana waya wa aina hii ukivunjika kiuno unaharibika hata kama kwa nje hauonyeshi dalili. Na kila paipu, hata isiyo na kazi leo, iachiwe ndani yake waya wa kufungia nondo kutoka mdomo hadi mdomo. Miaka 5 ijayo fundi atafunga waya mpya kwenye ncha hiyo na kuuvuta kwa dakika chache.

Mimi huwaambia wateja wangu kwamba kama pesa imebana, wasinunue waya hata mmoja, wanunue paipu. Waya wa leo utapitwa na wakati, kama ulivyopitwa ule wa 2012. Tayari vijana wengi hawagusi king'amuzi, mpira wanautazama kwa intaneti. Nyumba zetu za tofali za bloku na nondo zinaimeza Wi-Fi vibaya. Ikitoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, ukuta wa tatu, inafika imechoka. Kwa hiyo pembeni ya waya wa dishi pitisha pia waya wa netiweki wa aina ya Cat 6, ambao unafanya kazi bila shida hadi mita 100. Sebuleni weka miwili. Waya wa HDMI usiutegemee kwa safari ndefu ndani ya ukuta. Ukipita mita 10 hivi, wa kawaida huanza kusumbua, na plagi yake kubwa haipiti kwenye paipu.

Hesabu ya sebule ya kawaida mjini kwetu inakuwa hivi. Kama mna Azam na DStv, hizo ni setelaiti mbili tofauti na madishi mawili, kwa hiyo nyaya mbili tayari. Ongeza mmoja wa antena, ongeza miwili ya netiweki. Nyaya tano, paipu mbili. Chumba cha kulala kinatosheka na wa dishi mmoja na wa netiweki mmoja, na kama baadaye utataka antena pia, kuna kiunganishi kidogo kinachochanganya antena na dishi kwenye waya mmoja na kingine cha kuzitenganisha chini. Hilo linawezekana kwa sababu masafa yao hayagusani: antena inaishia 694, dishi linaanzia 950.

Urefu wa boksi nao huamuliwa kwa mazoea. Televisheni za siku hizi zinatundikwa ukutani, lakini boksi la waya bado linachimbwa sentimita 30 kutoka sakafuni, nyuma ya mahali palipokuwa na kabati la zamani. Matokeo yake ni nyaya zinazoning'inia ukutani kama kamba za kuanikia nguo. Keti kwenye kiti, au hata kwenye ndoo kama nyumba bado ni gofu, pima usawa wa macho yako, na boksi la juu liwe karibu na hapo, nyuma ya televisheni itakapokaa. Boksi la pili liwe chini, pa kuweka king'amuzi, na kati yao ipite paipu ya milimita 50, ambayo plagi ya HDMI itapenya. Soketi za umeme ziwepo juu na chini.

Mwenye nyumba aamue mahali pa dishi mapema pia, na hapa jiografia yetu ina upekee wake. Setelaiti hizi zote zimepangwa juu ya mstari wa Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. DStv inapokelewa kutoka nyuzi 36 Mashariki. Arusha iko kwenye nyuzi 36 na zaidi ya nusu, Moshi 37 na kitu. Maana yake setelaiti hiyo iko karibu utosini mwetu. Nukta ya Ikweta iliyo chini yake iko Kenya, kaskazini kidogo ya Nakuru. Kutoka Moshi unaitazama kwa nyuzi 86 hivi, na 90 ndiyo juu kabisa. Ndiyo sababu madishi hayo mjini kwetu yanaonekana yamelala chali, kama yanaota jua.

Wateja wengi huniuliza kama Mlima Kilimanjaro utaziba, kwa kuwa fundi huligeuza dishi upande wa kaskazini. Hauzibi. Ukiwa Moshi mjini, kilele cha Kibo hakifiki hata nyuzi 10 juu ya upeo. Kinachoziba ni vitu vya karibu: tawi la mparachichi lililotanda juu ya dishi, ukingo wa paa, tangi la maji lililo kwenye mnara. Mti ulio pembeni hauna neno hata ukiwa mrefu, mradi hautandi juu.

Azam ni habari nyingine. Setelaiti yake iko nyuzi 7 Mashariki, juu ya bahari jirani na visiwa vya São Tomé, kwa hiyo dishi linatazama magharibi, upande wa machweo, kwa mwinuko wa karibu nyuzi 55. Hapo jirani wa magharibi anakuhusu. Kipimo ninachotumia ni hiki: kitu kilichozidi usawa wa dishi kwa mita 7 kikae mbali angalau mita 5. Kama kiwanja cha magharibi bado kitupu, jiulize itakuwaje siku jirani akipandisha ghorofa.

Antena ya kawaida hutazama mlalo, kuelekea mnara wa kurushia matangazo, kwa hiyo hiyo ndiyo yenye kujali vilima na majengo. Iwekwe juu kadiri inavyowezekana.

Dishi, kinyume chake, halipati faida yoyote kwa kupanda juu. Mita 4 zaidi si kitu mbele ya kilomita elfu 35. Afadhali liwe chini, kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa zege au kwenye ukuta imara, mahali ngazi ya kawaida inafika na mtu anaweza kulifuta majani. Kulipigilia misumari kwenye bati ni kukaribisha mvua ndani, na bati linapotikiswa na upepo dishi linatikisika nalo. Kupotea nyuzi 1 au 2 kunatosha kukuondolea picha.

Kuhusu waya wenyewe, nunua RG6 ya omu 75. Ule mwembamba wa RG59 waachie wa kamera za zamani. Kwenye RG6 utapoteza takribani desibeli 20 kwa kila mita 100 ukiwa kwenye megahezi 1000, na 30 na kitu ukifika 2150. Nyumba ya kawaida, mita 25 au 30 kutoka dishi hadi chumba cha mwisho, inamudu vizuri kwa sababu LNB imeshakuza mawimbi kabla hayajaanza safari. Angalia kiini cha waya: kwaruza kwa kisu. Kikibaki chekundu ni shaba tupu. Kikitoa rangi ya fedha ni chuma kilichopakwa shaba. Cha chuma kinapitisha picha vizuri, kwa kuwa masafa makubwa husafiri juu juu ya ngozi ya waya, lakini zile volti 13 na 18 zinapita katikati, na kwenye safari ndefu zinafika juu zimepungua. Hapo LNB inaanza kukosea amri. Kwa zaidi ya mita 30, lipia shaba.

Na usiunge waya njiani. Waya wa umeme unaweza kuusokota, ukazungushia tepu na ukaendelea na maisha. Waya wa dishi ni bomba la mawimbi: kiini katikati, povu jeupe, wavu wa nje, vyote kwa vipimo. Ukiusokota, mawimbi yanagonga hapo na kurudi nyuma.

Maji ndiyo adui mkubwa kuliko yote. Mvua kubwa ya masika inaweza kukata picha kwa dakika chache, kwa kuwa matone yanameza mawimbi ya masafa hayo angani, na hakuna fundi atakayelizuia hilo. Ila angalia picha inarudi lini. Ikirudi mvua inapopungua, hiyo ni mvua yenyewe, au dishi halijalengwa sawasawa na halina akiba. Ikirudi kesho yake saa nane mchana, jua likishawaka, ujue maji yako ndani ya waya.

Kwa yule mama wa Soweto yalikuwepo hayo pia. Nilipofungua koneketa kwenye LNB, ilitoka na tone la maji ya kijani. Nilikata sentimita 10 za waya: wavu ulio chini ya ganda ulikuwa mweusi. Nikakata 10 nyingine: kijani. Ule wavu hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, na yalikuwa yameshuka karibu mita nzima na nusu ndani ya ganda ambalo kwa nje lilikuwa zima kabisa. Koneketa ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na kifuniko cha mpira. Tafuta zile za kubana kwa koleo maalumu; bei inazidi kidogo, na haziachii. Zifunike kwa mpira au tepu inayojishikisha yenyewe. Kisha, kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu, mfano wa herufi U, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee hapo na yasifuate waya hadi ndani.

Umeme na waya wa televisheni visikae kwenye paipu moja, kamwe. Viachane sentimita 20 au 30 vinapokwenda sambamba, na vikilazimika kukutana vivukane kwa msalaba. Nguzo ya dishi na ganda la waya viunganishwe kwa waya mnene wa shaba na erthi ile ile ya nyumba, kazi ambayo aifanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Erthi haizuii radi kupiga. Inazipa njia zile chaji na mishtuko midogo ambayo vinginevyo ingepitia kwenye king'amuzi chako. Ngurumo zikianza, chomoa plagi ya umeme na waya wa dishi pia. Wengi huchomoa ya umeme tu.

Kwa mama tulimaliza kwa LNB ya midomo miwili na waya wa pili uliozunguka nje, chini ya fishabodi, ukaingia chumbani kwa mjukuu kupitia tundu tulilotoboa juu ya dirisha. Waya unaonekana kutoka barabarani. Ndani ya ukuta hapakuwa na njia, na yeye hakutaka rangi yake iguswe.

Tulipokuwa tunakunywa chai alinionyesha picha kwenye simu, nyumba anayoijenga mwanawe kule Moshono, Arusha, imefika kwenye lenta. Nilimwandikia kwenye karatasi idadi ya paipu za kila chumba, na chini yake nikaongeza jambo moja. Siku paipu zikishalala ukutani, kabla mchanga na saruji havijazifunika, mwanawe apige picha kila ukuta, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni hadi juu na nyingine kutoka kwenye kona, namba zikisomeka. Picha hizo azitume kwa mama naye azihifadhi. Mwanawe atazihitaji siku atakapotaka kutundika kabati la jikoni na mwenye drili akauliza pa kutoboa.